Njia ya Pili Hujengwa Kabla ya Mkongo Kukatika

Asubuhi ya Jumapili, Mei 12, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikatika chini ya bahari katika eneo lililo kati ya Mtunzini, Afrika Kusini, na Maputo, Msumbiji. Muda si mrefu, watu wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wakajikuta wanatazama kurasa zisizofunguka. Tanzania na kisiwa cha Mayotte vilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji ziliguswa kwa viwango tofauti. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku 2, ukitaja kuzorota kwa mtandao nchini kote.

Kenya nayo ilipoteza mikongo hiyo hiyo. Kasi ilipungua na huduma ikawa ya kukatikakatika, lakini pigo halikuwa zito kama la jirani yake. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilieleza kuwa mkongo wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, haukuguswa, na ndio uliokuwa ukitumika. Ajali ilikuwa moja na ilitokea zaidi ya kilomita elfu moja kutoka nchi zote mbili. Kilichozitofautisha ni njia ambazo kila nchi ilikuwa nazo kabla ya asubuhi ile.

Ni kawaida kusikia kwamba intaneti "hujitafutia njia yenyewe". Kauli hiyo ni kweli nusu. Mitambo huchagua njia kwa ufundi wa hali ya juu, ila huchagua kati ya zile zilizokwisha kujengwa, zenye nafasi, na zisizopita mahali pale palipoharibika.

Jinsi mtambo unavyojua kuwa njia imekufa

Wazo la mtandao unaokwepa palipoharibika lina umri wa miaka 60 na ushei. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhandisi Paul Baran wa taasisi ya RAND nchini Marekani alikuwa akitafuta mfumo wa mawasiliano ambao ungeendelea kufanya kazi hata sehemu yake ikipigwa kwa bomu la nyuklia. Mapendekezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1964, yalikuwa kuukata ujumbe vipande vidogo na kuviacha visafiri juu ya wavu wa njia nyingi, kila kituo kikiamua chenyewe kipande kipite wapi. Mwingereza Donald Davies alifikia wazo linalofanana na hilo kwa njia yake mwenyewe. Vipande hivyo leo huitwa pakiti, na mitambo inayoamua pakiti ipite wapi huitwa ruta.

Ruta hugundua ajali kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: faiba ikikatika, mwanga hukoma kufika na chombo cha kupokea huona giza ndani ya milisekunde chache. Ya pili ni salamu. Ruta jirani hutumiana ujumbe mfupi kila baada ya muda uliopangwa, na jirani akinyamaza kupita kiasi, huhesabiwa kuwa hayupo. Katika itifaki ya OSPF, inayotumika sana ndani ya mtandao wa kampuni au taasisi moja, mpangilio wa kawaida ni salamu kila sekunde 10, na jirani hutangazwa amepotea baada ya sekunde 40 za ukimya. Kwa benki au kampuni ya simu, sekunde 40 ni nyingi mno. Ndiyo maana kukabuniwa itifaki nyingine, BFD, ambayo salamu zake hupishana kwa milisekunde, hivyo ukimya hugundulika kabla ya mtumiaji kupepesa jicho.

Habari ikishapatikana, ruta iliyoiona huitangaza kwa wenzake. Kila ruta ina ramani ya mtandao mzima wa ndani. Huifuta njia iliyokufa, kisha hupiga upya hesabu ya njia fupi kuliko zote. Hesabu hiyo ni kazi ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeichapisha mwaka 1959, na kwenye mtambo wa leo huisha upesi sana. Hatari ipo katika muda mfupi ambao baadhi ya ruta zina ramani mpya na nyingine bado zina ya zamani. Ruta A huipeleka pakiti kwa B, na B, ambayo haijapata habari, huirudisha kwa A. Ili pakiti zisizunguke milele, kila moja hubeba namba inayopungua kila inapopita kwenye ruta; ikifika sifuri, pakiti hutupwa na mtumaji hulazimika kuituma tena.

Mitandao isiyovumilia hata pengo hilo huandaa njia ya akiba mapema. Kila ruta huwa imeshahesabu: njia hii ikifa, nitapitia ile. Pete za faiba zinazotumiwa na kampuni za simu zilijengwa kwa kipimo mashuhuri cha milisekunde 50. Ndani ya muda huo mawimbi huwa yamegeuzwa upande wa pili wa pete, na mtu aliye kwenye simu huenda asitambue lolote.

Nje ya uzio, mambo huenda polepole

Hayo ni ya ndani ya mtandao mmoja. Intaneti ni maelfu kwa maelfu ya mitandao iliyoungana, kila mmoja na mwenye wake, na hapo itifaki inayotawala ni BGP. Ilichorwa Januari 1989 na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter wakati wa mkutano wa wahandisi mjini Austin, Texas. Inafanya kazi kwa matangazo: mtandao mmoja huuambia mwingine, "Anwani hizi zinafikika kupitia kwangu, na njia yake inapita mitandao ifuatayo." Njia ikikatika, tangazo hufutwa, na habari ya kufutwa husambaa kutoka jirani hadi jirani.

Hapa hakuna ramani moja inayoonwa na wote. Kila mtandao unajua ulichoambiwa tu, tena huchagua njia kwa kuangalia mikataba na gharama, wala si umbali peke yake. Njia moja ikifutwa, ruta hujaribu ya pili, ambayo huenda nayo ilitegemea mkongo ule ule uliokatika ila habari yake haijafika. Hujaribu ya tatu, na kuendelea. Utafiti wa Craig Labovitz na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kutulia kwa njia baada ya hitilafu kulichukua wastani wa dakika 3, na mara nyingine hadi dakika 15. Mitambo imekuwa na kasi zaidi tangu wakati huo, lakini tabia ya msingi ni ile ile.

Basi kama njia hupatikana ndani ya dakika chache, kwa nini watu wa Dar es Salaam waliteseka kwa siku kadhaa?

Shida ni upana

Anayeijua Dar es Salaam wakati wa masika ana jibu tayari. Maji yakijaa Jangwani na barabara ya Morogoro ikafungwa, magari hayakosi pa kupita. Yanageuzwa kwenye barabara nyingine. Ila barabara hizo nazo zina magari yake ya kila siku, na zikipokea mzigo wa Morogoro zote husimama. Mtandao nao ndivyo unavyozidiwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia mtoa huduma mwenye njia mbili, kila moja ikiweza kubeba gigabiti 10 kwa sekunde, na kila moja ikibeba 7 kwa kawaida. Kwenye karatasi ana njia ya akiba. Moja ikikatika, gigabiti 14 zinatafuta kupita penye nafasi ya 10. Pakiti zinapanga foleni kwenye ruta, foleni inajaa, zinazozidi zinatupwa. Kompyuta zinazotuma zikiona pakiti zinapotea hupunguza kasi, kisha hutuma tena zilizopotea. Hapo ndipo mtu huona duara linazunguka kwenye simu yake: mtandao upo, lakini hautoshi. Akiba ya kweli kwa mwenye njia mbili ni kuhakikisha kuwa mzigo wa zote mbili, saa ya pilika kubwa, unaingia kwenye moja.

Urefu wa njia mpya si tatizo kubwa kiasi hicho. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko wa kilomita 1,000 za ziada huongeza milisekunde 10 tu kwenda na kurudi. Setilaiti za zamani, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, huchukua karibu nusu sekunde kupeleka swali na kuleta jibu, na nafasi yake ni finyu mno ukilinganisha na mkongo. Zinaweza kuokoa simu za dharura na malipo ya benki, lakini haziwezi kubeba video za nchi nzima. Mhandisi mwenye busara huwa ameshapanga nani atangulie: mawasiliano ya hospitali, miamala ya fedha na sauti kwanza, burudani baadaye.

Njia mbili ndani ya mtaro mmoja

Kosa la njia zote kupita mahali pamoja ndilo gumu kulibaini, kwa sababu kwenye michoro halionekani. Desemba 12, 1986, eneo la New England nchini Marekani lilitengwa na ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, kwa karibu nusu siku. Eneo hilo lilikuwa na njia 7 za kuliunganisha na kwingine, zilizowekwa kwa wingi huo makusudi ili moja ikifa nyingine zibaki. Ilikuja kufahamika kuwa zote 7 zilikuwa zimepitishwa kwenye kebo moja ya faiba, na kebo hiyo ilikatwa. Karibu miaka 15 baadaye, Julai 18, 2001, treni ya mizigo iliacha reli na kuwaka moto ndani ya handaki la Howard Street mjini Baltimore. Faiba za kampuni kadhaa zilizokuwa zikipita humo ziliungua kwa pamoja, na wateja waliodhani wana watoa huduma wawili tofauti wakagundua kuwa wote walikuwa wapangaji wa handaki moja.

Ya Mei 2024 ni hadithi ya aina hiyo kwa kipimo cha bahari. EASSy na Seacom zina wenyewe tofauti, ila zilifuata ukanda mmoja wa pwani na kukatika zote siku moja. Kibaya zaidi, Februari 24 mwaka huo huo Seacom ilikuwa imekatika upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu, pamoja na mikongo ya AAE-1 na EIG. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba iliburutwa na nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imetelekezwa baada ya kupigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Matengenezo yalikwamishwa na vita na vibali vya Yemen. Mei ilipofika, Seacom ilikuwa na jeraha kaskazini ambalo halijapona, kisha ikapata lingine kusini.

Kenya isijione imenusurika kwa daima. Februari 2012 ilikuwa zamu ya TEAMS yenyewe: meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilishusha nanga mahali palipokatazwa na kuukata, siku ambazo EASSy nayo ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu.

Yanayoweza kufanywa nchi kavu

Dawa ya kwanza ni kupunguza safari zisizo za lazima. Zamani, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilivuka bara kwa setilaiti na kurudi. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianzishwa mwaka 2000 ili mitandao ya Kenya ikutane nyumbani; kilifungwa kwa amri ya msimamizi wa sekta muda mfupi baadaye, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kwa mujibu wa ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020, sehemu ya data ya Kenya inayohudumiwa humo humo nchini ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70. Data hiyo haitegemei mkongo wa baharini wakati inaposafiri kwa mtumiaji, kwa hiyo ajali ya pwani ya Afrika Kusini au ya Bahari ya Shamu haiikati.

Dawa ya pili ni njia zenye jiografia tofauti. Mei 23, 2024, siku 11 baada ya ajali ile, Google ilitangaza mkongo uitwao Umoja, unaoanzia Kenya na kupita nchi kavu Uganda, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kisha kuvuka bahari hadi Australia. Thamani yake kwa ukanda huu ni kwamba haupiti Bahari ya Shamu wala haufuati pwani. Mkongo wa Taifa wa Tanzania, unaogusa mipaka ya nchi jirani, unaweza kutumika kwa namna hiyo hiyo, mradi uwezo wa kuvuka mipaka uwe umekodiwa na kujaribiwa kabla ya shida.

Benki, hospitali, chuo au wizara inayolipia "njia mbili" inapaswa kumtaka mtoa huduma ajibu maswali matatu kwa maandishi: njia hizi zinapita wapi, kutoka jengo letu hadi nje ya nchi? Moja ikifa saa 5 asubuhi siku ya kazi, iliyobaki itabeba kiasi gani cha mzigo? Na mara ya mwisho mlizima njia kuu makusudi kuijaribu ya akiba ni lini? Wasimamizi wa sekta nao wayadai majibu hayo kama sharti la leseni. Asiyeweza kuyajibu anauza njia moja kwa bei ya mbili.