Usukani wa pawa kwa gari la zamani: wepesi una masharti

Katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari, gari la zamani halitupwi maadamu chesisi yake ni nzima. Miongoni mwa marekebisho yanayowavutia wenye magari hayo ni kuondoa usukani wa kawaida na kufunga usukani wa pawa, yaani ule unaosaidiwa na nguvu ya injini.

Mfano ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kati ya 1960 na 1984. Nyingi zilitoka kiwandani bila msaada huo. Zikiwa mwendoni hazichoshi sana. Taabu huanza wakati wa kuegesha, hasa zikifungwa matairi mapana.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mhandisi Mmarekani Francis Davis aliibuni katika miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuiuza katika magari ya abiria mwaka 1951. Pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda husukuma mafuta kupitia mipira hadi kwenye boksi la usukani. Dereva anapogeuza, vali hufunguka na shinikizo la mafuta humsaidia kukata kona.

Kwa hiyo kufunga pampu peke yake hakutoshi. Boksi la zamani hutolewa na kuwekwa la pawa, ambalo huweza kutoka kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 60. Puli, mipira na shafti ya usukani hulazimika kulinganishwa upya, na chesisi huimarishwa mahali boksi linapofungwa. Kazi ya kuchomelea haivumilii ubahili: shafti ikikatika, dereva hana tena njia ya kuliongoza gari.

Lipo jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Boksi la kawaida lilipangiwa mizunguko mingi ya usukani ili mkono wa binadamu uumudu. La pawa huwa na mizunguko michache, kwa kuwa limetegemea pampu. Mkanda ukikatika au injini ikizimika, magurudumu bado hugeuka, lakini usukani huweza kuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya mabadiliko.

Hatari hiyo ina uzito wake nchini Burundi. Barabara ya RN1 huteremka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye takriban mita 770. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni unaweza kumshawishi dereva kuzima injini mteremkoni. Akifanya hivyo hupoteza msaada wa usukani, na breki zinazosaidiwa na injini nazo huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Usalama ni kushuka kwa gia, injini ikiwaka.

Kabla ya kulipa, mwenye gari aombe usukani ugeuzwe hadi mwisho pande zote mbili, akague kama mipira inasuguana na chuma au inavuja, kisha magurudumu yapimwe alaimenti. Baada ya siku chache za mwendo, boliti za boksi zikaguliwe tena na kukazwa.