Kusoma kwa Kufahamu Kabla ya Mtihani: Makala ya Tatu

Katika makala mbili zilizotangulia nilieleza namna ya kutafuta kiini cha habari na namna ya kupambanua jambo kuu na mambo madogo yanayolitegemeza. Leo, maadamu wanafunzi wetu wa mwaka wa sita, tangu Kavimvira hata Kalundu, na wenzao wa Kiliba na Sange katika bonde la Ruzizi, wamekwisha kuingia katika marudio ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, yaani ENAFEP, ambao wazazi wengi wangali wakiuita kwa jina lake la zamani la TENAFEP, nataka kueleza jambo lililo gumu kuliko hayo mawili, nalo ni kufahamu lile ambalo mwandishi hakulitamka.

Mtoto wetu huanza masomo kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kisha hutahiniwa kwa Kifaransa. Akazoea kutamka sawasawa maneno asiyoyafahamu, na sisi watu wazima tukamsifu kwa wepesi wa ulimi. Sifa hiyo, naamini, imewadhuru wengi. Afadhali kila ujuzi wa kusoma ufundishwe kwanza kwa Kiswahili, katika habari fupi ya maisha yanayojulikana, kwani aliyekwisha kujua kutafuta ushahidi ndani ya maandiko hana haja ya kujifunza kazi hiyo mara ya pili; atakachotafuta katika Kifaransa ni msamiati tu.

Natwaa mfano huu, niliouandika kwa ajili ya marudio:

“Jioni ile mwezi mpevu ulichomoza nyuma ya milima ya Burundi, ukaangaza ziwa lote kama mchana. Baba alizitazama taa zake zilizopangwa ukutani, akatikisa kichwa. ‘Musa, kunja wavu,’ akasema. Mama, bila kuuliza neno, akaanza kutwanga majani ya sombe.”

Swali ni hili: kwa nini Baba hakwenda kuvua? Majibu ya kuchagua ni manne: alikuwa mgonjwa, palikuwa na tufani, mwezi uling’aa mno, wavu ulitatuka. Mtoto mwenye haraka hushika tufani, kwa sababu amesikia habari za mitumbwi iliyozama, na hofu yake humjibia kabla ya macho yake kurudi katika maandiko, ambamo hamna upepo wala wimbi. Mwana wa mvuvi wa Kalundu hujua kwamba ndagala hufuata nuru ya taa gizani, na kwamba mbalamwezi ikienea juu ya maji taa hupoteza nguvu yake, ndiyo maana wavuvi hupumzika siku za mwezi mpevu. Maandiko yamempa nusu ya jibu, na maisha yake yamempa nusu ya pili. Lakini je, mtoto wa Lemera, aliyelelewa milimani mbali na ziwa? Naye aweza kufika, ijapokuwa kwa njia ndefu zaidi: hakuna neno la maradhi, wavu unakunjwa, haushonwi, na mwezi na taa vimewekwa bega kwa bega na mwandishi, jambo ambalo halikosi sababu. Kwa hiyo mwalimu asitosheke na jibu sahihi, amwulize mwanafunzi, “Umeona wapi?”, naye aweke kidole juu ya neno.

Hapa ndipo istilahi za fasihi zinapopata faida. Maneno “kama mchana” ni tashbihi. Tukisema “mwezi ule ulikuwa jua la pili”, hiyo ni istiara. Na tukisema “ziwa limelala”, ni tashihisi, kwa kuwa kitu kisicho na uhai kimepewa tendo la kiumbe hai. Watoto wengi hukariri fafanuzi hizi, kisha kila waonapo “kama” hudai kuwa ni tashbihi, hata katika “kama mvua ikinyesha”, ambapo neno hilo laonyesha sharti. Na katika Kifaransa *comme* huwanasa vivyo hivyo, kwa kuwa pengine hulinganisha na pengine hutoa sababu. Dawa yake ni kuuliza tashbihi imefanya kazi gani. Katika habari yetu haikuwekwa kwa urembo, bali ndiyo iliyopima ukali wa mwanga, na bila ya kipimo hicho jibu la tatu lingekosa shahidi wake mkubwa.

Vina, mizani, mshororo na ubeti nitavieleza juma lijalo, nikimfuata Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, kando ya ziwa letu hili hili la Tanganyika, na ambaye kitabu chake cha “Sheria za Kutunga Mashairi” kilitoka mwaka 1954. Kwa sasa nawaomba wazazi wamsomeshe mtoto habari ya hapo juu mara mbili, kwanza kwa sauti na kisha kimya, halafu wamwulize: ni nani mwingine aliyejua kwamba usiku ule hapatakuwa na samaki, na ni maneno gani yaliyotuonyesha hivyo?