Anayesingiziwa Ni Mchwa

Katika vyumba vya kupanga vya Kiuu, upande wa Githurai 45, ubao ukitoboka mshtakiwa ni mmoja: mchwa. Mpangaji hukuta unga mweupe chini ya kitanda, hununua dawa, hupuliza uvungu mzima, na wiki inayofuata unga uko palepale.

Mchwa wa ardhini huacha udongo katika njia zake. Mchwa wa mbao kavu hudondosha chembe ngumu zenye pande sita. Unga laini usiokwaruza vidole, pamoja na matundu ya duara ya milimita 1 au 2, ni kazi ya Lyctus, mbawakavu mdogo wa kahawia. Jike hutaga ndani ya vinyweleo vya mbao ngumu, na buu hula wanga wa ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Kiini hakigusi, paini na saiprasi huzipita.

Na lile tundu ni la kutokea. Anayelipulizia dawa anamfukuza mpangaji aliyekwisha kuhama, tena bila notisi. Mabuu wengine bado wamo ndani, pengine tangu ubao ulipokuwa yadini. Vanishi haiwazuii: wakikomaa huitoboa.

Mkulima wa kahawa wa Ruiru, mji wenye kituo cha utafiti wa zao hilo tangu miaka ya 1940, hapulizi dawa ovyo hivyo. Akiona tawi lina matundu yaliyojipanga kama ya filimbi, anajua ni buu wa mbawakavu Dirphya nigricornis akishuka ndani. Hulikata na kulichoma. Mbawakavu mwingine, Monochamus leuconotus, ni mbaya zaidi: buu wake huanza kwa kutafuna gamba kuzunguka shina karibu na ardhi, ndipo azame katikati. Majani yakigeuka njano, mbuni umeshaumia. Huyo hufuatwa kwa waya, tundu kwa tundu.

Turudi kitandani: pangusa unga wote, zungushia kila tundu alama ya kalamu, kisha ngoja wiki chache. Pasipo tundu jipya wala unga mpya, huenda vita vilikwisha zamani. Weka pesa yako.

Ukienda kununua kingine, geuza chaga utazame chini, ambako fundi hapaki vanishi kwa sababu mteja hainami. Ukiona ukanda mweupe pembeni mwa ubao, mwambie aubadilishe, au autie dawa ya boraksi kabla ya kupaka pande zote.