'Mkonga' wabadilika sura, fundi wa Kigoma je?

WANUNUZI wa magari ya porini mkoani Kigoma wana sababu ya kuzitazama sura mpya kwa jicho la bei ya vipuri. Defender ya zamani ilikoma kuundwa Solihull, Uingereza, Januari 2016. Mrithi wake, aliyezinduliwa Septemba 2019, huundwa Slovakia na hana tena fremu iliyo mbali na bodi. Starehe imeongezeka, na mambo ya umeme pia.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Mizigo mingi ya Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, hupita ziwani. Hata wakimbizi wa mwaka 2015 walitolewa huko kwa MV Liemba. Kipuri cha Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha boti. Gari la kompyuta likigoma huko, spana peke yake haitoshi.

Toyota imekwenda taratibu. Land Cruiser 'mkonga', ya mfululizo wa 70 ulioanza 1984, mwaka 2023 ilirudishiwa taa za duara na kupewa injini ya dizeli ya lita 2.8, silinda nne. Fremu ya ngazi imebaki. Wapenzi wa 1HZ ya lita 4.2 wanalalamika kuwa wamepunjwa silinda mbili, ingawa nguvu za farasi zimepanda kutoka 130 hivi hadi 204.

Kwa mwenye mtaji mdogo, 1HZ iliyotumika bado ni hesabu nyepesi, kwani pampu yake haina kompyuta. Ila aikague fremu kama ina kutu kabla ya kulipa.