Mtoto wa Jicho na Presha ya Macho: Kwa Nini Moja Husubiri na Nyingine Haisubiri

Katika kaya nyingi, mzee anapoanza kupapasa ukuta au kushindwa kumtambua mgeni mlangoni, ndugu zake husema kwamba ni uzee, na jambo huishia hapo. Wengine hupanga kumpeleka hospitali baada ya mavuno. Makala hii inaeleza kwa nini uamuzi huo unaweza usimdhuru mzee mmoja, na kwa mwingine ukawa hasara isiyorudishika. Tofauti yao imo ndani ya jicho, na si rahisi mtu kuitambua akiwa nyumbani.

Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha takribani milimita 24. Mbele yake kuna kioo angavu kiitwacho konea, ambacho hupokea mwanga na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuupinda. Nyuma ya konea kuna duara la rangi, liitwalo irisi, na katikati yake ni mboni, yaani tundu linalopitisha mwanga. Mboni hujibana penye jua kali na kutanuka gizani. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo hubadili umbo lake kidogo ili tuone vizuri vitu vya mbali na vya karibu. Mtu akifikia umri wa miaka 40 hivi, lenzi huanza kukakamaa. Ndiyo maana wengi huanza kusogeza kitabu mbali na uso, na hao mara nyingi huhitaji miwani ya kusomea tu.

Mwanga ukishapita kwenye lenzi, huangukia retina, utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho. Retina ina mamilioni ya chembe hai zinazohisi mwanga. Baadhi hutuwezesha kuona penye mwanga hafifu, na nyingine hutambua rangi na mambo madogo madogo. Habari zote zinazokusanywa na retina husafirishwa hadi kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja. Ubongo ndio unaozitafsiri habari hizo kuwa picha. Kwa hiyo ili mtu aone, mambo mawili yanahitajika: njia ya mwanga iwe angavu, na mshipa unaopeleka habari uwe mzima.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa njia ya mwanga. Lenzi iliyokuwa angavu hupata ukungu polepole, hasa kwa sababu ya umri, ingawa kisukari, kuumia jicho na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa huweza kuuharakisha. Mgonjwa huona kama anatazama kupitia kioo chenye vumbi, taa za usiku humsumbua, na hatimaye mboni yake huonekana nyeupe. Hata hivyo, retina na mshipa wa fahamu huweza kubaki salama nyuma ya ukungu huo, na ndipo lilipo tumaini la mgonjwa. Daktari huondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Upasuaji wa namna hiyo ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na daktari Harold Ridley huko London, na leo hufanywa duniani kote. Jicho halitolewi nje, kama wengine wanavyohofu. Kwa kawaida mtu mzima hupigwa ganzi ya jicho tu, na kazi yenyewe mara nyingi haimalizi saa moja. Wala si lazima tena kusubiri mtoto wa jicho akomae. Kinachoangaliwa ni kiasi gani mgonjwa anazuiwa kufanya shughuli zake.

Presha ya macho, au glakoma, huharibu mshipa wenyewe. Ndani ya sehemu ya mbele ya jicho hutengenezwa maji angavu, ambayo si machozi. Maji hayo huilisha lenzi na konea, kisha hutoka kupitia mfereji mdogo ulio kwenye pembe ambapo irisi hukutana na konea. Mfereji huo ukishindwa kuyapitisha vizuri, maji mapya huendelea kutengenezwa na shinikizo ndani ya jicho hupanda. Shinikizo hilo huukandamiza mshipa wa fahamu pale unapotokea nyuma ya jicho, na nyuzi zake hufa kidogo kidogo. Nyuzi zilizokufa hazioti tena.

Hatari ya glakoma ni ukimya wake. Aina iliyo ya kawaida zaidi haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni mwa upeo wa macho, huku katikati pakibaki safi, na jicho moja hufidia upungufu wa jingine. Mgonjwa husoma na kumtambua anayezungumza naye, lakini hujikwaa na kugonga vitu vilivyo kando yake. Anapogundua kwamba haoni vizuri, mara nyingi sehemu kubwa ya mshipa imekwisha kufa. Presha hii si ile ya damu. Mtu huweza kupimwa mkononi akaambiwa yuko salama, ilhali jicho lake linaharibika. Wapo pia ambao shinikizo la macho yao ni la kawaida na bado mshipa unaathirika, ndiyo maana mtaalamu hupima shinikizo na kuutazama mshipa wenyewe kwa ndani.

Dawa za matone, na wakati mwingine upasuaji, hushusha shinikizo na kulinda uoni uliobaki. Hazirudishi uliopotea. Matone huwekwa kila siku, mara nyingi kwa maisha yote, hata mgonjwa asipohisi tofauti yoyote. Anayeyaacha kwa sababu haoni nafuu anaacha kinga iliyokuwa ikimhifadhi.

Kwa hiyo, anayesubiri miezi kadhaa akiwa na mtoto wa jicho huweza kurudishiwa uoni wake, lakini mwenye glakoma hupoteza kitu kila mwezi unaopita. Mtu huweza pia kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Familia haiwezi kubahatisha. Kinachohitajika ni kipimo.

Wananchi wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanashauriwa kupimwa macho hata kama wanaona vizuri, hasa wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma, kwa kuwa ugonjwa huo hufuata ukoo. Wenye kisukari nao wapimwe kila mwaka, kwani ugonjwa huo huharibu mishipa midogo ya damu ya retina. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni au makengeza apelekwe mara moja. Jicho jekundu lenye maumivu makali, au uoni uliopotea ghafla, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Tusitie jichoni majani, maziwa, mkojo wala dawa aliyoandikiwa mtu mwingine, kwa maana konea ikipata kovu hupoteza uangavu wake.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa atapewa rufaa kwenda kliniki ya macho. Mzee asiye na uwezo wa kulipia aanzie kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au ofisi ya ustawi wa jamii ili aelezwe utaratibu wa msamaha. Anayemsindikiza mgonjwa aje na dawa zote anazotumia, na atakapoambiwa ugonjwa, aulize wazi: je, huu ni wa lenzi au ni wa mshipa? Jibu la swali hilo litaiongoza familia kupanga safari ya pili.