Shinikizo la Damu Haliumi, Lakini Laharibu

Mtu wa Kanyenye, mjini Tabora, akiumwa na jino, habari zake hujulikana mtaa mzima kabla ya jua kuchwa. Akishikwa na malaria, wapitao humwona akitetemeka barazani. Lakini shinikizo kubwa la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha, huweza kukaa na mtu miaka kumi pasipo yeye wala jirani yake kujua. Hapigi kite, hakosi shambani, hakosi arusini. Kisha asubuhi moja hutaka kuinuka kitandani, na mkono wa kuume hauinuki, na ulimi hautamki. Ndipo isemwapo kwamba amepigwa na upepo mbaya, au kwamba amefanyiwa na mtu mwenye husuda. Hatupendi kuwacheka wasemao hivyo, maana msiba uingiao bila hodi lazima watu wautafutie mwenyewe. Tunalotaka kueleza leo ni kwamba maradhi hayo hayakuja usiku ule. Yalikuwamo ndani siku nyingi, yakifanya kazi yake katika kuta za mishipa.

Tabora yajua maana ya mzigo. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walichukua pembe na vitambaa baina ya Ziwa Tanganyika na Bagamoyo, kila mmoja na ratli 60 au 70 begani. (Hata jina la Kanyenye msafiri wa siku zile alilikuta mara mbili njiani, maana huko Ugogo nako palikuwa na Kanyenye, ambako misafara ilitozwa hongo kabla ya kuruhusiwa kupita.) Mpagazi yule, pamoja na taabu zake zote, alikuwa na kambi, jua likipanda alitua. Moyo hauna kambi. Katika mtu mzima aliyetulia moyo husukuma kama lita 5 za damu kila dakika, yaani lita 7,000 na zaidi usiku na mchana, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja.

Nguvu ambayo damu hiyo huzisukumia kuta za mishipa ya ateri, yaani mishipa itoayo damu moyoni na kuigawa mwilini, ndiyo shinikizo la damu. Hutajwa kwa namba mbili: ya juu ni wakati moyo unapokaza, ya chini ni wakati unapolegea. Kitambaa cha kufunga mkononi na kukijaza hewa kilibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya mshipa chini ya kitambaa hicho. Namba 120 kwa 80 haina wasiwasi. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena ikaonekana hivyo katika siku mbalimbali, huo ni ugonjwa, hata kama mwenye nao aweza kukimbia kutoka Kanyenye mpaka stesheni ya reli bila kuhema.

Sasa madhara yatokeaje? Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawajaelezwa vizuri. Watu hudhani mshipa ni kama bomba la maji: mafuta huganda ndani, bomba huziba, basi. Mshipa si bomba. Ni nyama iliyo hai, na ndani yake una utando mwembamba sana, unene wa chembe moja tu ya mwili. Utando huo ukiwa mzima, damu huteleza juu yake bila kushika mahali. Lakini ukipigwa na damu yenye nguvu ya kupita kiasi, mwezi baada ya mwezi, huchubuka. Na mwili, kama ilivyo desturi yake, hupeleka askari wake mahali palipoumia.

Kila aliyechomwa na mwiba mguuni awajua askari hao kwa kazi yao. Mahali penye mwiba huvimba, huwa pekundu, hupata moto na kuuma. Waganga wa Kirumi walizitaja dalili hizo nne karibu miaka 2,000 iliyopita. Tutauita uvimbe wa moto, kwa kuutofautisha na uvimbe mwingine. Ni kinga ya mwili, na mwiba ukitoka nao hupoa. Ila katika mshipa wa mtu mwenye shinikizo kubwa mwiba hautoki. Chembe nyeupe za damu hujipenyeza chini ya ule utando, hukuta humo mafuta yaliyopenya kutoka katika damu, huyala hadi kushiba na kufa papo hapo. Nyingine huja kuzifuata. Baada ya miaka mingi panakuwa na kivimbe kilichojaa mafuta na mabaki, kilichofunikwa kwa ngozi nyembamba. Na uvimbe wa moto unaoendelea ndani yake huila ngozi hiyo mpaka hupasuka. Damu ikikutana na uchafu ule huganda mara moja. Ikiganda katika mshipa unaolisha moyo, hilo ni shambulio la moyo. Ikiganda katika mshipa unaolisha ubongo, hicho ni kiharusi. Mwiba wa mguuni huuma, lakini huu wa ndani ya mshipa hauumi hata siku moja mpaka siku ile ya mwisho.

Tena mambo haya mawili hulishana. Mshipa uliovimba na kupata makovu hukakamaa, na mshipa uliokakamaa haupanuki moyo unaposukuma, kwa hiyo shinikizo hupanda zaidi. Nalo likipanda huuchubua mshipa zaidi.

Moyo wenyewe nao haupo salama. Kama mkono wa mtwanga mahindi unavyojaa misuli, ndivyo ukuta wa moyo unavyonenepa kwa kusukuma dhidi ya mishipa iliyokaza. Mtu asiyejua angedhani huo ni uzima. Lakini ukuta mnene hukakamaa na kuhitaji damu nyingi kuliko iletwayo. Mwishowe huchoka na kutanuka, na mtu huanza kuvimba miguu na kuamka usiku akitafuta hewa dirishani. Katika uchunguzi uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kazi walitazamwa. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55, na karibu nusu yao, 45 katika kila 100, chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Kumi na wawili katika kila 100 walikuwa na moyo ulioharibiwa na uvimbe wa moto wa namna nyingine, ule ufuatao vidonda vya koo vya utotoni visivyotibiwa, ambao huzila valvu za moyo. Mzazi amwonaye mtoto ana homa na koo lenye usaha, akampa maji ya chumvi tu asukutue, na aikumbuke namba hiyo.

Wako wasemao kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa wenye magari, wala haimhusu mkulima. Neno hilo zamani lilikuwa na ukweli. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison aliandika kwamba katika hospitali moja ya Kavirondo Kusini, Kenya, wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa katika muda wa miaka miwili na hakuona hata mmoja mwenye shinikizo kubwa la damu. Miaka 60 baadaye, katika nchi hiyo hiyo, wachunguzi waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: tangu miezi ya mwanzo mjini shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la ndugu zao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi na potasi pungufu. Damu yao ilikuwa ile ile ya kwao. Kilichobadilika ni chakula na maisha.

Na mji haukungoja watu waufuate, uliwafuata vijijini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, wilaya ya Hai, na katika pande zote mbili karibu watu wazima 30 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Linalotuhuzunisha zaidi ni hili: kati ya wagonjwa hao, waliojijua hawakufika mmoja katika watano, waliokuwa na dawa ni kama mmoja katika kumi, na ambao dawa ilikuwa imewashusha hadi kiasi kinachofaa hawakufika hata mmoja katika mia.

Tukisema chumvi, watu wa magharibi yafaa wawe wa kwanza kutusikiliza, maana chumvi ya nchi hii ina historia ndefu kuliko falme nyingi. Chemchemi za Uvinza, katika njia ya misafara baina ya Tabora na Ujiji, zilichemshwa chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kama Sutton na Roberts walivyoeleza mwaka 1968 baada ya kuchimbua huko. Chumvi ile ilikuwa mali: ilibadilishwa kwa majembe na nafaka, ilitozwa kodi, na mama wa nyumbani aliitia chunguni kwa ncha za vidole. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilitoka mabegani ikaingia mabehewani, na kitu cha tunu kikawa kitu cha kumwaga. Leo hutiwa mbogani, hutiwa tena mezani kabla ya kuonja, hukaa katika migebuka na dagaa waliokaushwa kwa chumvi, na hunyunyizwa juu ya chipsi na mihogo ya kukaanga. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vyote. Hatusemi watu wale chakula cha hospitali. Nsansa kwa karanga ina utamu wake, na mpishi hodari ajua kwamba limau na kitunguu huweza kufanya nusu ya kazi ya chumvi.

Kuhusu tumbaku twajua kwamba tunagusa mfuko wa mtu. Urambo, Kaliua na Sikonge zimesomesha watoto wengi kwa jani hilo. Basi tuseme tu lililo kweli: moshi wake huuchubua ule utando wa mshipa kama shinikizo lifanyavyo, huzidisha uvimbe wa moto na huifanya damu iwe nyepesi kuganda. Alimaye na avutaye hawana hatari moja, na mkulima mwenye busara huuza mazao yake yote bila kubakiza ya kuvuta.

Liko jambo moja ambalo twaliogopa katika kuandika habari hizi. Msomaji akisikia kwamba uvimbe wa moto huharibu mishipa, aweza kwenda dukani kununua vidonge vya kutuliza uvimbe, diklofenaki na vinginevyo vya jamii yake, ambavyo watu huvimeza kwa maumivu ya kiuno kama wamezavyo pipi. Asifanye hivyo hata kidogo. Dawa hizo huzuia figo kutoa chumvi, hupandisha shinikizo, na huweza kuleta shambulio la moyo lenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 2017 jaribio la watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo lilionyesha kwamba dawa ya kutuliza uvimbe peke yake, isiyogusa mafuta ya damu, ilipunguza mashambulio mapya kwa 15 katika kila 100. Jaribio hilo lilithibitisha elimu niliyoieleza juu ya mshipa ulio hai. Lakini dawa ile ni sindano ya bei kubwa mno, na waliopewa walikufa kwa maambukizo zaidi ya wenzao. Nchi yenye kifua kikuu haiwezi kuipokea kwa pupa.

Dawa tuzihitajizo ni za zamani na za bei nafuu. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikufa kwa damu kuvuja ubongoni tarehe 12 Aprili 1945, shinikizo lake likiwa 300 kwa 190. Madaktari wake walikwisha kujua ugonjwa, ila dawa ya kumfaa haikuwapo. Leo mkaazi wa Kanyenye ana alichokosa rais yule. Jaribio lililofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kwa Waafrika mchanganyiko wenye amlodipini hushusha shinikizo vizuri zaidi, na mwenzake aweza kuwa kidonge cha bei ndogo cha kutoa maji na chumvi.

Taabu si kidonge bali ni siku ya thelathini. Mgonjwa hupewa vidonge vya mwezi mmoja, hupima, huambiwa namba zimeshuka, hufurahi, huacha. Hakupona; namba zimeshuka kwa sababu alikuwa akimeza. Dawa hii si kama ya malaria, ambayo humalizwa. Na mwenye duka la dawa, na mhudumu wa zahanati, na mke, na mtoto asomaye, wote wana haki ya kumwuliza mzee: "Baba, umemeza leo?"

Twaona pia upungufu mmoja ambao ungerekebishwa bila fedha nyingi. Mwanamke hupimwa shinikizo kila aendapo kliniki akiwa mjamzito. Mumewe, asipougua, aweza kufika miaka 50 bila kitambaa kile kugusa mkono wake. Tungependa kipimo kiende aliko mwanamume: kwenye bao, kwenye mnada, kwenye ghala la chama cha ushirika wakati wa kulipana, na katika ua wa msikiti na wa kanisa watu watokapo. Kinachotakiwa ni kipimo kilicho sahihi, mtu aliyefundishwa kukitumia, na daftari la kuandikia namba. Apimwaye akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na awe hakunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Apimwe mara mbili. Namba zikiwa juu, aende zahanati juma hilo hilo, bila kungoja kichwa kianze kumwuma.