Udongo na Povu la Shaba

Wanafunzi wetu wametuuliza: Je, shaba hutengwaje na mawe? Katika migodi ya Katanga na Zambia, mawe yenye shaba na kiberiti husagwa yakawa unga, ukatiwa maji na dawa, kisha ukapulizwa hewa. Dawa hiyo hufanya chembe za shaba zichukie maji na kushikamana na mapovu. Mapovu huzipandisha juu, zikaenguliwa. Mchanga mtupu husalia chini.

Lakini mawe yakiwa na udongo wa mfinyanzi, kazi huharibika. Chembe za udongo ni ndogo mno. Hupaka zile za shaba, hata povu lisiweze kuzishika. Tena hunywa dawa bure. Na udongo ule uitwao montimoriloniti huvimba majini, yakawa mazito kama uji. Basi shaba hutupwa pamoja na taka, na jasho la wachimbaji likapotea.

Kwa hiyo mafundi huondoa kwanza tope laini, huongeza maji, au hutia silikati ya sodiamu ili udongo uachane na shaba. Ndivyo nasi tufanyavyo na mchele: twauosha kabla ya kuuinjika.